Kiti cha Mbele cha Kopo

Kifurushi kilifika kikiwa kimelowa. Lori lililokileta kutoka Mitwaba lilinyeshewa njia nzima, na kamba ya katani iliyokifunga ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi. Ndani mlikuwa na maharagwe na samaki wa kukaushwa, kama kila mwaka. Mimi ni mtu wa utaratibu: kifurushi kikifika nakifungua, napanga vilivyomo, kila kitu mahali pake. Siku hiyo sikufanya hivyo. Nilikaa na ile kamba mkononi, nikainusa. Harufu ya katani mbichi si nzuri wala si mbaya, lakini kwangu ni harufu ya gari. Nilirudi kuwa mtoto wa miaka minane, mvua ikigonga bati juu ya kichwa changu, nikivuta kamba kama hiyo kwa nguvu zangu zote.

Gari lilikuwa la babu yangu, baba yake Baba. Sisi hatukumwita babu, tulimwita Kambo, ndivyo wanavyoitwa wazee wa namna hiyo kwetu Lubumbashi. Alitoka kaskazini akiwa kijana, akafanya kazi ya shaba mpaka nywele zikawa nyeupe, kisha akaja kukaa nasi mtaa wa Bel-Air katika chumba cha nje. Gari alilinunua kwa msimamizi mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao kwa haraka. Lilikuwa dogo, milango miwili, mgongo wa duara, mashine nyuma. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, isipokuwa madigadi moja ya mbele iliyotoka katika gari lingine; hiyo ilikuwa ya buluu.

Watoto wa mtaa waliliita Kopo. Kambo hakupenda jina hilo. Yeye alisema "motoka" tu, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu kilicho kimoja duniani.

Betri ya Kopo haikuwahi kuwa na nguvu. Katika ua wetu kulikuwa na chuguu la mchwa la zamani, kubwa kama chumba, gumu kama saruji, lile ambalo kila ua wa Bel-Air ulikuwa nalo au uliwahi kuwa nalo. Kambo alilikata kichwa kwa sururu, akalisawazisha juu, akatengeneza mteremko upande wa lango. Kopo lililala juu ya chuguu. Asubuhi aliachia breki, likashuka lenyewe, likapita langoni kimyakimya, likakohoa mara tatu barabarani na kuwaka. Lisipowaka, watoto walitoka pande zote kulisukuma, wakiimba jina lake, na Kambo ndani akijifanya hasikii.

Lilikuwa na tabia nyingine. Mlango wa kulia ulifungwa kwa mkanda wa suruali. Chini ya miguu ya abiria wa mbele kulikuwa na tundu lenye ukubwa wa kisahani, lililozibwa na kifuniko cha sufuria. Nikikisogeza kwa kisigino niliona barabara ikikimbia, nyekundu, kijivu, nyekundu tena. Honi ilijililia yenyewe kila usukani ulipokata kushoto, hivi kwamba watu wa upande huo walidhani wanasalimiwa, nao walipunga mkono. Na vile vijiti viwili vya kufuta mvua kiooni havikuwa na mota. Kambo alivifunga kamba ya katani, ncha moja ikapita dirisha lake, ncha nyingine dirisha la abiria. Mvua ikinyesha, yeye alivuta, abiria akaachia. Abiria alivuta, yeye akaachia. Watu wawili walihitajika ili kioo kimoja kionyeshe njia.

Ile ncha ya pili ilikuwa yangu.

Ilikuwa yangu kwa haki, na lazima nieleze haki hiyo, kwa sababu kila kilichofuata kilitoka hapo. Kwetu mjukuu wa kike ni bibi wa Kambo yake, na bibi, kwetu, maana yake ni mke. Ni utani, na kila mtu anajua ni utani, isipokuwa pengine mtoto mwenyewe. Kambo akirudi shambani alisimama mlangoni na kusema, "Bibi yangu iko wapi? Njaa iko inaniua, na bibi yangu iko anacheza kamba!" Mama yangu alijibu kutoka jikoni, "Bibi yako ni muvivu, muzee. Umurudishe kwa wazazi yake." Nami nilikimbia kumletea maji ya kunawa, moyo ukinienda mbio, kwa maana sikutaka kurudishwa kwa wazazi wangu, ingawa nilikuwa nao nyumba moja.

Nyanya, mke wake wa kweli, alikufa kabla sijazaliwa. Kwa hiyo niliona nafasi ilikuwa wazi nami nimeijaza. Bibi huketi mbele. Jumamosi, baada ya salongo, watu walipomaliza kufyeka majani ya mitaro kama serikali ilivyotaka, Kambo alivaa abakosti yake ya zamani, ile suti isiyo na tai, hata kwa kwenda shambani, na tukaondoka kwenye barabara ya Kinsevere, ambako alikuwa na kipande cha mahindi na mihogo.

Njiani tulizungumza, na mazungumzo yetu yalikuwa ya namna moja.

"Bibi, unaona nini?"

"Naona velo ya makala, kuume." Kwetu ndiyo baiskeli ya mkaa.

"Iko mbali?"

"Iko karibu na muti. Na mama mwenye beseni. Na mbuzi mbili, zinataka kuvuka."

"Zinataka ama zinavuka?"

"Zinavuka, Kambo! Zinavuka!"

Alikanyaga breki, mbuzi wakapita, akasema, "Muzuri. Bibi mwenye macho." Nilijibu kila swali kwa ukamilifu. Niliona kwamba hivi ndivyo mume na mke wanavyokaa katika gari: mmoja anauliza, mwingine anamweleza dunia. Baba yangu hakuwahi kumwuliza Mama anaona nini. Nilimhurumia Mama.

Jioni moja, tukila bukari, ugali wa kwetu, Mama alinitania. "We na bwana yako, munasemaka nini mu ile motoka? Naona midomo yenu iko inatembea tu."

Nikamwambia. Nilisema kwa majivuno, nikinyoosha mgongo. "Ananiulizaka njia. Nikisema kushoto, anaenda kushoto. Nikisema simama, anasimama."

Baba alikuwa ameshika tonge. Hakulipeleka mdomoni. Alinitazama, kisha akautazama mlango uliokuwa unaelekea chumba cha nje, akaendelea kula. Kesho yake nilimsikia akisema na Kambo uani, sauti za chini, na neno "docteur" likarudi mara mbili. Kambo alicheka kwa nguvu. "Ni mutoto! Mutoto iko anasema maneno ya mutoto!" Baada ya hapo alikwenda shambani bila mimi Jumamosi mbili. Alisema magunia yalikuwa mengi na nafasi ilikuwa ndogo. Niliamini.

Kisha akaja Ngoie.

Ngoie ni binti wa shangazi yangu wa Mitwaba. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja, alikuja kusoma mjini, na alibeba jina la nyanya. Nyakati zile majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa. Hata padri hakuthubutu kuyaita kwa sauti. Lile la ubatizo nililokuwa nalo niliambiwa nilisahau, nikabaki na jina lililotoka upande wa Mama, ambalo halikuwa la mtu yeyote aliyemjua Kambo. Ngoie hakuwa na lingine la kusahau. Jina la nyanya ndilo lilikuwa jina lake lote.

Alishuka kwenye lori na gunia la dagaa, miguu yake imejaa vumbi mpaka magotini, akasimama uani bila kusema. Kambo alitoka chumbani. Alimwendea, akamshika uso kwa mikono miwili, akaupapasa, paji la uso, pua, mashavu.

"Ni nani?"

"Ni mi, Ngoie."

"Ngoie!" Akageuka kwetu sote. "Munasikia? Bibi yangu amerudi! Miaka yote hii niko nalala peke yangu, naye alikuwa anatembea tu huko Mitwaba!"

Mama akapiga vigelegele. Majirani wakaja. Mtu akaniona nimesimama karibu na chuguu, akasema kwa kicheko, "Na huyu mwingine je, muzee?"

"Huyu?" alisema Kambo. "Huyu ni muke mudogo. Ataketi nyuma."

Kila mtu alicheka. Nami nilicheka, kwa sababu nilijua namna ya kucheka watu wakicheka. Jumamosi iliyofuata niliketi nyuma, juu ya majembe.

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, vingi peke yangu, na sijaona maelezo sahihi ya wivu wa mtoto. Watu huuandika kama moto. Wangu haukuwa moto. Ulikuwa uangalifu. Niliangalia shingo mbili mbele yangu, ile nyembamba ya Ngoie na ile ya Kambo yenye mikunjo, na sikukosa kitu. Niliona kwamba kifuniko cha sufuria kilikuwa chini ya miguu yake naye hakukisogeza hata mara moja kuangalia barabara ikikimbia. Kitu kizuri kama kile, na hakukijali! Niliona kwamba alipewa hindi la kwanza kuchomwa. Niliona kwamba alinuka moshi na samaki, na kwamba Kambo hakulalamika.

Zaidi ya yote, niliona kwamba hakusema. Kambo hakumwuliza anaona nini, naye hakumwambia. Kazi yote ya bibi ilikuwa imekufa. Badala yake, Ngoie alimgusa. Mkono wake wa kushoto ulikaa juu ya paja lake mwenyewe, na mara kwa mara uliinuka ukamgusa Kambo mkononi, juu kidogo ya kiwiko. Mara nyingine mara moja. Mara nyingine mara mbili. Mara nyingine uliwekwa pale ukabaki, na Kambo akapunguza mwendo, na gari likasimama kabisa, na wakakaa hivyo, mkono juu ya mkono, mpaka kundi la watu lilipovuka. Huo wa kubaki ndio ulioniumiza kuliko yote. Niliona anambembeleza. Niliona wamefika mahali ambapo maneno hayahitajiki tena, mahali ambapo mimi na Kambo hatukuwahi kufika kwa mbuzi wangu wote na velo zangu zote.

"Kambo," nilisema siku moja kutoka nyuma, "bibi yako mukubwa hana mudomo?"

Kambo alicheka. "Bibi mwenye kunyamaza iko anapikaka muzuri."

"Hata kupika hajui! Juzi ameunguza sombe!"

Ngoie hakugeuka. Alimgusa Kambo mara moja, na Kambo akakata kulia.

Hiyo iliendelea miezi ya mvua yote. Shuleni tulicheza dansi za chama, tukipiga mikono na kutaja jina la nchi, na Ngoie aliyefika juzi tu kutoka Mitwaba akawekwa mstari wa mbele. Usiku alilala upande wa ukutani kwa sababu, alisema Mama, mgeni hulala upande wa ukutani. Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichonikaa kooni kilikuwa ule mkono. Nilijifunza jinsi ulivyofanya. Nilifanya mazoezi juu ya mto wangu: vidole vinne pamoja, mguso mwepesi, mara moja, mara mbili.

Siku yenyewe tulikuwa tunarudi kutoka shambani. Mihogo ilijaa nyuma, nami nilikuwa katikati ya mihogo. Mvua ilianza tukiwa bado mbali na mji, ile mvua ya kwetu inayoshuka kama ukuta, na barabara ikawa mto mwekundu. Kambo na Ngoie walivuta kamba. Yeye kushoto, huyu kulia. Vijiti vilipita kiooni, kwii, kwaa. Mvua ilizidi, na kamba ikawa nzito. Ngoie alilazimika kuivuta kwa mikono yote miwili, mguu mmoja ameukanyagia mbele.

Kwa hiyo hakukuwa na mkono juu ya mkono wa Kambo. Kwa mara ya kwanza tangu Ngoie aje, mahali pale palikuwa wazi.

Sikufikiri jambo baya. Hilo nataka liandikwe. Sikutaka mtu aumie. Nilitaka kuwa bibi. Nilipitisha mkono wangu katikati ya viti viwili, vidole vinne pamoja, nikamgusa Kambo juu kidogo ya kiwiko. Mara mbili, kwa upole.

Kambo akakata kushoto.

Honi ikalia. Niliona kupitia kioo kitu cheusi kikubwa kikitujia, na chini yake miguu ya mtu. Ilikuwa velo ya makala, magunia matatu, na mwenyewe akiisukuma kichwa chini kwa ajili ya mvua. Ngoie alipiga kelele. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akipaza sauti: "Kambo, kuume! Kuume!" Mtu yule aliiacha velo akarukia majanini. Kopo liligusa velo, likaiangusha, likavuka mtaro, likapanda chuguu lililokuwa kando ya njia na kusimama pale pua juu, kama liko nyumbani. Honi haikunyamaza.

Mwenye makala alitoka majanini akiwa mwekundu kwa matope. "We muzee! Uko kipofu ama? Njia yote hii, unaiacha, unakuya kunitafuta mimi?"

Kambo alifungua mlango. Alishuka akishika ubavu wa gari, akatembea hatua tatu, akainamisha kichwa kwa heshima. "Unisamehe, mwanangu. Unisamehe sana. Umeumia?"

Alikuwa anasema na velo. Velo ilikuwa imelala mbele yake matopeni, na mwenyewe alikuwa amesimama kulia, mbali kwa hatua nne.

Yule mtu alimtazama Kambo. Akaitazama velo. Akatutazama sisi wawili ndani ya gari. Hasira ikamtoka usoni kama maji.

"Niko huku, muzee," alisema taratibu.

Tuliokota makala mvuani. Kambo alipiga magoti na abakosti yake, akayatafuta kwa vidole, akayatia guniani. Na pamoja na makala alitia mawe. Mwenye makala aliyaona. Aliyatoa moja moja nyuma ya mgongo wa Kambo, akayaweka majanini bila sauti.

Ngoie aliniangalia mara moja tu. Aliuangalia mkono wangu, kisha uso wangu, akarudi kuokota makala.

Mtu yule alitusaidia kulisukuma Kopo mpaka barabarani, na madigadi ya buluu ilikuwa imekunjika. Tulipofika karibu na nyumba za kwanza, Ngoie aliuweka mkono wake pale pa siku zote ukabaki, na Kambo akasimamisha gari. Waliongea kwa sauti ya chini. Kisha Kambo akasema, "Panga." Ngoie akageuka, akalichukua panga la mihogo miguuni pangu bila kunitazama, akatoa mkono dirishani, akakata kamba. Pigo moja.

"Kamba ilikatika," alisema Kambo. "Sivyo?"

"Ilikatika," alisema Ngoie.

"Na we, muke mudogo, ulikuwa umelala."

Nilisema ndiyo. Lakini moyoni niliwaza: wao wana uongo wao, wameukata pamoja kwa panga moja, na mimi nimepewa usingizi.

Baba alikuwa mlangoni. Aliangalia madigadi, akaangalia matope ya magoti ya Kambo. Kambo alimweleza habari ya kamba, na Ngoie alisimama kando yake akishika kipande kilichokatwa kama ushahidi. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha alinigeukia mimi.

"Na we," alisema. "Uliona nini?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo kwa miezi yote ile. Hakujua ni swali gani aliloniuliza. Nilihisi kitu kikifunguka kifuani, na nilijibu kama nilivyozoea kujibu, kwa ukamilifu, sikuacha kitu. Nilisema Kambo haoni. Nilisema alisema na velo. Nilisema alitia mawe katika gunia. Nilisema Ngoie njo iko anamuonea njia, mukono mara moja kuume, mara mbili kushoto. Maana nilipokuwa nasema ndipo nilipoelewa, neno kwa neno, mdomo wangu ukitangulia akili yangu. Nilisema walikata kamba kwa panga.

Sikuacha kitu, isipokuwa mkono wangu.

"Papa," Baba alimwambia Kambo, "leta ufunguo."

"Siku nitakosa motoka, mutaniweka mu kiti sawa mugonjwa."

"Leta ufunguo, papa."

Kambo alitaka kuuweka juu ya meza. Hakupata ukingo, ukaanguka sakafuni. Ngoie ndiye aliyeinama, akauokota, akauweka katika mkono wa Baba, na Baba, ambaye hakuweza kumwadhibu baba yake mzazi, akapata mtu wa kumwadhibu.

"Mutoto mwenye kuficha hatari hawezi kukaa mu nyumba yangu. Mungeua muntu!"

"Ni mutoto," alisema Mama.

"Iko na akili ya kukata kamba."

Ngoie angeweza kusema wakati ule. Neno moja tu lilihitajika. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na mkono wangu nyuma ya mgongo. Aliangalia chini, akasema, "Ndiyo, papa."

Mvua zilipoisha lori lilimrudisha Mitwaba. Hakukuwa na shule ya darasa lake huko nyakati zile, na hakurudi tena darasani. Mzigo wake mdogo aliufunga kwa kipande cha ile kamba.

Kopo lilibaki juu ya chuguu. Magurudumu yaliisha upepo, kuku wakataga katika kiti cha nyuma, na majani yakaota kupitia lile tundu la kisahani, yakakisukuma kifuniko cha sufuria pembeni. Kambo aliketi ndani kila alasiri, mikono juu ya usukani. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Nilikaa siku nyingi kabla ya kukikalia. Siku niliyothubutu, jua lilikuwa kali na gari lilinuka bati la moto na mavi ya kuku. Nilifungua mkanda wa mlango, nikaingia, nikaufunga.

"Ni nani?"

"Ni bibi yako."

"Yupi?"

"Ule aliyebaki."

Alitabasamu kidogo. Nilingoja aniulize ninaona nini. Nilikuwa nimejiandaa: jogoo, nguo za Mama kambani, lango, mtoto wa jirani amevaa kofia ya baba yake. Hakuuliza. Alisema, "Niguse mukono."

Nikamgusa, juu kidogo ya kiwiko, vidole vinne pamoja. Mara mbili.

Kambo alikata usukani kushoto. Honi haikulia, betri ilikuwa imekufa zamani. Alikaa hivyo, magurudumu yamegeuka, akisikiliza kitu ambacho mimi sikukisikia.

"Njo huu," alisema. "Mukono ya Ngoie ilikuwa nguvu, ya kulima. Ile siku ilinigusa mukono laini. Nikageuka tu, nikajua nimekosea, lakini tulikuwa tumeshafika mu makala."

Nilitazama majani yaliyokuwa yanaota katikati ya miguu yangu.

"Ngoie alijua?" aliuliza.

"Alijua. Aliniona."

"Na hakusema."

"Hakusema."

Kambo alirudisha usukani mahali pake, taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani barabara tupu. Nilidhani atanikasirikia, na nilitaka anikasirikie. Badala yake uso wake ulifunguka kwa fahari, uso ambao sikuuona tangu ufunguo ulipoanguka, na fahari hiyo haikuwa yangu hata kidogo.

"Huyo sasa," alisema, "huyo ni bibi."

Alikuwa amenisamehe; nilijua hivyo hata kwa miaka minane. Aliniacha niketi pale alasiri ile na zote zilizofuata, mpaka alipokufa, na hakumwambia Baba. Kiti cha mbele kilikuwa changu, na hakuna aliyekuja kuniondoa. Na bado, kila nilipofunga ule mkanda wa mlango, nilijua nimeketi nyuma.

Kifurushi cha mwaka huu nimekifungua kwa kucha, fundo baada ya fundo. Imenichukua karibu saa nzima. Ngoie anafunga kwa nguvu, na kamba zake sizikati.